Kiguru Hajambo

Wodi ya Macho, kitanda cha dirishani
4 Machi

Mdogo wangu,

Nimefika salama. Anayeandika ni sista wa wodi. Mimi nasema, yeye anaandika. Kwa hiyo ukiona mwandiko mzuri usidhani nimepona. Simu nimeizima. Nimeambiwa nikiongea na simu wodi nzima haipumziki, eti napaza sauti kama mtu anayemwita mwenzake ng'ambo ya mto. Basi tuandikiane kama watu wazima.

Najua umeshasahau niliyokuambia, kwa hiyo nayarudia. Ndege wanakula saa moja asubuhi. Si saa moja na robo. Mtama uko kwenye debe la bluu, chenga za mchele kwenye lile jekundu. Mtama vikombe viwili, chenga kimoja, unachanganya kwa mkono, si kwa kijiko. Unamwaga uani, mbele ya baraza ya nyuma, pale pale ninaposhonea, maana wameshazoea miguu yangu na mlio wa cherehani. Beseni la maji lisuguliwe kila siku. Kunguru usimpe kitu hata akikutazama. Ana tabia ya kutazama.

Shomoro watakuja wa kwanza. Chiriku watafuata huku wakigombana. Njiwa wanakuja mwisho, kama wageni waalikwa. Kati yao yuko Kiguru wangu, yule anayechechemea. Miaka miwili hajakosa asubuhi hata moja. Yeye unamwekea konzi yake ya mtama pembeni, karibu na mguu wa cherehani, kwa sababu wenzake wanamsukuma. Nataka habari zake katika kila barua.

Daktari anasema tuanze na jicho la kulia, halafu wiki inayofuata la kushoto. Nimemwambia hilo la pili nitalifikiria. Akacheka. Simpendi mtu anayecheka kabla ya kunipasua.

Dada yako

(Mimi sista: amesema "si kwa kijiko" mara nne. Nimeandika mara moja.)


Nyumbani kwako
7 Machi

Dada,

Barua imefika. Namwomba sista akusomee hii kwa sauti ya upole, maana mimi nimeiandika kwa sauti nyingine.

Miaka thelathini na minane nimekaa kibandani kwangu nikitengeneza saa za watu. Saa haikwambii kwamba leo mtama umezidi vumbi. Saa haikunyei kofia. Nilipokubali kukaa kwako hizi wiki nne nilidhani nimeachiwa nyumba. Kumbe nimeachiwa mgahawa, na wateja hawana adabu.

Saa moja kamili nilikuwa uani. Shomoro wako hawakuja wa kwanza. Walikuwa wameshafika, wamejipanga juu ya kamba ya nguo, wananitazama kama watu waliokaa foleni tangu alfajiri na sasa wanamwona karani anaingia na kikombe cha chai. Chiriku walinigombeza mimi badala ya kugombana wao kwa wao. Kunguru alitua ukutani. Nilifuata agizo, sikumpa kitu. Akanitazama. Nikamtazama. Dada, nilimpa kipande cha mkate ili amani ipatikane.

Jirani yako, mama wa nyumba ya pili, alichungulia juu ya ukuta.

"Mjomba, unachanganya kwa kijiko?"

"Mkono wangu una kidonda."

"Jana hukuwa na kidonda."

Nikamuuliza ni nani aliyempa kazi ya kunilinda. "Hakuna," akasema, "nimejitolea."

Kiguru nimemwona. Anachechemea mguu wa kushoto. Amekula konzi yake karibu na mguu wa cherehani na hakusema asante.

Leo nimevaa suruali uliyonishonea mwezi uliopita. Mguu mmoja unafika kwenye kiatu, mwingine unaishia pale mbu wanapopapenda. Sikwambii haya ili kukuudhi. Nakwambia ili uelewe kwa nini nataka upasuliwe macho yote mawili.

Mdogo wako,
Fundi Saa


Wodi ya Macho
11 Machi

Mdogo wangu,

Kushoto? Kiguru anachechemea mguu wa kulia. Hata kwa huu ukungu wangu najua. Miaka miwili anakula kando ya kiatu changu, nisijue mguu wake?

Sasa nisikilize vizuri. Ulipokuwa mtoto ulimkanyaga kifaranga wangu, ukaenda kuchukua mwingine kwa jirani ukamweka pale pale, ukadhani sitatambua. Nilitambua siku hiyo hiyo. Nikanyamaza kwa sababu ulikuwa unalia. Sasa hivi una miaka sitini na moja na sitanyamaza. Kama Kiguru amekufa, sema. Kama amehama, sema. Usiniwekee njiwa mwingine.

Jicho la kulia limepasuliwa juzi. Limefungwa kitambaa, na la kushoto halioni zaidi ya mwanga wa dirisha, kwa hiyo nimelala hapa kama mzigo uliosahauliwa stesheni. Mtu akiwa gizani hivi anafikiri mno. Nimefikiri hivi: kama Kiguru hayupo, narudi na basi la Ijumaa ijayo. Hilo jicho la pili nitaliacha kama lilivyo. Sindano ina tundu moja na inashona.

Dada yako

(Mimi sista: hatanii. Sanduku lake liko chini ya kitanda na limeshafungwa. Usiku wa kwanza aliniambia kwamba tangu mumewe afariki, kiumbe pekee kilichokuja kwake bila kuitwa ni huyo njiwa. Andika upesi, na uandike vizuri.)


Nyumbani kwako
14 Machi

Dada,

Ni wa kulia. Nilikuwa nimekaa kinyume chake, ananijia usoni, na kulia kwake kukawa kushoto kwangu. Mtu aliyezoea kuangalia saa kwa nyuma anaweza kufanya kosa hilo, usinicheke.

Kiguru hajambo. Leo alifika saa moja na dakika mbili, akachechemea mguu wa kulia kutoka kwenye beseni hadi kwenye cherehani, akala konzi yake yote, akamparua shomoro mmoja aliyesogea. Wa kulia, dada. Niliinama nikahakikisha. Jirani yako aliniona nimeinama akauliza kama nimeangusha kitu. Nikamwambia heshima yangu.

Kwa hiyo lile sanduku lifungue. Ukipanda basi hilo la Ijumaa utanikuta nimekaa kituoni na nitakurudisha na basi hilo hilo. Nimechoka na ndege wako, nimechoka na jirani yako, na kunguru sasa anakuja na mkewe. Sijachoka kiasi cha kukubali urudi na jicho moja halafu unishonee suruali nyingine.

Mdogo wako,
Fundi Saa


Nyumbani kwa dada
14 Machi

Sista,

Karatasi hii nimeitia katika bahasha moja na ya dada kwa sababu nimebakiza stempu moja. Hii ni yako. Tafadhali usimsomee.

Aliposema mguu ni wa kulia, niliudhika nikaenda kuthibitisha. Nilikaa barazani nikawatazama mguu kwa mguu. Sista, Kiguru si mmoja. Wako watano. Wawili wanachechemea kulia, wawili kushoto, na mmoja hajui aulalamikie upi. Dada hajawahi kuwaona pamoja kwa sababu hajawahi kuona mbali zaidi ya kiatu chake, na anayesogea pale anapata konzi. Kila aliyesogea alikuwa Kiguru.

Nilichukua kapu la nguo, nikaliinamisha kwa kijiti na kamba, nikanasa mmoja. Jirani akasema, "Mjomba, ukimla huyo, dada yako atakuzika naye." Nikamgeuza njiwa, nikaweka jichoni ile lenzi yangu ya kazini, nikaona. Uzi. Uzi wa cherehani, umezunguka vidole mara nyingi, umekaza mpaka nyama imevimba juu yake. Mimi kazi yangu ni kutoa unywele ulionasa kwenye gurudumu la saa ya mkononi, kwa hiyo nilikuwa na kibano na nilikuwa na subira, ingawa njiwa hakuwa nayo. Ilichukua karibu saa nzima. Nimeshawatoa nyuzi wanne. Wa tano, yule mzee wao anayekula karibu na mguu wa cherehani, sikuwa na cha kumtoa. Uzi ulishamaliza kazi yake zamani. Hana vidole viwili.

Zamani dada alikuwa anaokota vipande vya nyuzi kimoja kimoja na kuvitia kwenye kopo. Nakumbuka, alikuwa akitugombeza tukikanyaga kimoja. Macho yalipoanza kuingia ukungu akawa anakung'uta gauni lake uani akidhani ni vumbi. Halafu anamwaga mtama hapo hapo. Hiyo ni miaka miwili iliyopita. Ndipo Kiguru alipokuja.

Kuna wa sita. Nilimkuta kwenye mfereji wa paa, nikashuka naye kabla jirani hajaamka.

Mwache apasuliwe jicho la pili kwanza. Nikimwambia sasa atarudi nyumbani kuwaomba msamaha njiwa, na daktari atabaki na mkasi mkononi. Nitamwambia mwenyewe, baadaye. Kwa sasa tafadhali tukubaliane kwamba Kiguru hajambo.

Fundi Saa, mdogo wake


Wodi ya Macho
19 Machi

Bwana Fundi Saa,

Nina vitanda ishirini na viwili. Nimekuwa mwandishi wa dada yako, msomaji wake, na sasa mtunza siri wa njiwa. Hayo sikufundishwa chuoni.

Jana alikataa jicho la pili. Alikaa juu ya sanduku lake mlangoni, na daktari ikabidi apite ubavu kama anapita kando ya gari bovu. Nikamsomea ile barua yako kwake, iliyokuja na karatasi yangu. Akasema, "Rudia hapo pa mguu wa kulia." Nikarudia. "Tena." Nikarudia tena. Akanyanyuka akasema daktari aitwe upesi kabla hajabadili mawazo. Amepasuliwa leo asubuhi. Kumekwenda vizuri.

Karatasi yako nimeifungia kwenye droo. Ila ujue kwamba aliniuliza bahasha ilikuwa na karatasi ngapi. Alisikia nikizikunjua. Nikasema moja. Akasema, "Haya." Hiyo "haya" yake sikuipenda.

Usinitie tena katika jambo kama hili. Sijui kudanganya wagonjwa, na dada yako haoni, lakini masikio yake ni mazima kuliko yako na yangu.

Sista


Nyumbani kwako
22 Machi

Dada,

Pole na hongera. Nimesikia la pili nalo limekwisha.

Kiguru hajambo kabisa. Amenenepa. Leo alichechemea kwa madaha, mpaka nikadhani anaigiza. Anakusalimu.

Hapa hakuna jipya. Kunguru na mkewe wamemleta mtu wa tatu, sijui ni shemeji au ni mpangaji. Jirani yako amenipa habari kwamba nachanganya vizuri siku hizi. Ndiyo, nachanganya kwa mkono. Kijiko kilikuwa kinaacha chenga zote chini ya mtama. Usiniandikie chochote juu ya hilo.

Mdogo wako,
Fundi Saa


Wodi ya Macho
27 Machi

Mdogo wangu,

Mwandiko huu ni wangu. Mistari inapanda kilima, lakini ni yangu.

Juzi nilifunguliwa. Kitu cha kwanza nilichokiona ni uso wa sista, na ni mdogo kuliko sauti yake. Nilidhani nahudumiwa na mama mtu mzima, kumbe ni binti. Nikavaa miwani waliyonipa nikamwambia, "Sasa nipe ile karatasi ya pili." Akasema, "Mama, aliniomba nisikusomee." Akafungua droo akaniwekea kitandani. "Kusoma mwenyewe hakukataza." Akaenda kugawa dawa.

Kwa hiyo barua ya kwanza niliyoisoma kwa macho yangu, baada ya miaka miwili ya kusomewa hata risiti, ni ile uliyoandika ili nisiijue.

Sijui nikuanzie wapi. Umenidanganya kulia, umenidanganya madaha, umenitumia salamu za njiwa. "Anakusalimu." Mtu mzima na mvi zake. Tangu yule kifaranga hujajifunza kitu, na mbaya zaidi ni kwamba safari hii ulipatia, maana ningesomewa ile karatasi siku ile ningepanda basi. Hilo linaniudhi kuliko uongo wenyewe.

Siku mbili sijala vizuri. Mimi nilikuwa nawaambia watu, hata wateja, hata mtu aliyekuja kupima mkono wa shati tu: huyu njiwa ana shida ya mguu, na katika nyua zote alichagua wa kwangu. Nilikuwa najisikia mtu mwema. Kumbe mimi ndiye niliyemfunga mguu asubuhi, halafu jioni namwonea huruma.

Nimeamua. Madebe yote mawili mpe mama wa nyumba ya pili, kwa kuwa anajitolea. Wakija uani kwangu nitawafukuza kwa ufagio, wataenda kula mahali pasipo na mshonaji.

Lakini kabla ya hapo nijibu jambo moja, na usinipake mafuta. Zilikuwa nyuzi za rangi gani? Nakumbuka kila nguo iliyopita mikononi mwangu. Nataka kujua ni ipi. Na yule wa sita.

Dada yako


Nyumbani kwako
30 Machi

Dada,

Nilidhani sista huyo ni mtu wa kutii. Barua yake ndiyo iliyonidanganya.

Haya. Nyuzi zote nimeziweka kwenye kikasha cha kioo cha saa, kila mguu na fungu lake. Kijani, miguu mitatu: zile sare za shule ulizoshona mwanzoni mwa mwaka. Mweupe mmoja, sijui wa nini. Mweusi uliochanganyika na mwekundu, nadhani ni lile koti la mwalimu wa kwaya lililokusumbua begani.

Wa sita alikuwa na kahawia.

Ni ya suruali yangu. Unakumbuka ulisema, "Subiri, sioni vizuri, niache niimalize mchana kukiwa na jua," na mimi nikasema naitaka jioni ile ile, kana kwamba nina safari. Sikuwa na safari. Nilikwenda kukaa kibandani. Kwa hiyo ukitaka kugawa lawama, gawa vizuri, usichukue zote kama kawaida yako. Nimemzika chini ya beseni lile la zamani lililotoboka. Suruali nimeivaa mara mbili tu tangu hapo.

Sasa kuhusu madebe. Simpi mtu. Nimeamka kabla ya jua kwa wiki tatu na nusu, nimenyewa kofia mbili, nimetazamwa na kunguru, nimezungumzwa mtaa mzima kwamba nanasa njiwa nile, na leo unaniambia ilikuwa kazi ya bure? Wale wanne niliowatoa nyuzi walirudi kesho yake. Niliwashika kwa nguvu, nikawachoma kwa kibano, wakarudi saa moja kamili wakanisubiri kwenye kamba. Hawajui kununa. Ukiwafukuza kwa ufagio hawataelewa ni adhabu ya nani.

Baraza nimeifagia, halafu nimepiga magoti nikaipitia na lenzi, kutoka mlangoni mpaka ukutani. Mashimo ya sakafu nimeyaziba. Lile kopo lako la zamani lilikuwa nyuma ya jiko. Nimelifunga kwa waya kwenye mguu wa cherehani. Una macho mawili sasa. Okota.

Na Kiguru yupo. Sisemi huyu ni yule yule wa siku ya kwanza, sikuwepo. Lakini yule asiye na vidole viwili ni mkubwa kuliko wenzake, ndiye pekee asiyeruka cherehani ikilia (nimeijaribu, usikasirike), na anakuja pale pale hata nisipoweka konzi. Huyo hatapona. Atachechemea maisha yake yote, na atakuja saa moja. Mguu upi, sisemi. Nimekoma. Utauona mwenyewe.

Nitakuachia ufunguo kwa jirani. Kibanda changu kimejaa saa za watu, na zote sasa zinasema saa ambayo si saa.

Mdogo wako,
Fundi Saa


Nyumbani
8 Aprili

Mdogo wangu,

Nilifika jana. Nyumba umeiacha safi isipokuwa umepanga vikombe kwa ukubwa, na sasa sipati cha chai.

Chini ya cherehani nimeshona mfuko wa kitambaa, mpana, unadaka kila kinachoanguka. Kopo umelifunga vibaya, linagonga goti, lakini nimeliacha. Kile kikasha cha nyuzi nilikifungua nikatazama muda mrefu. Ule mweupe ni wa shuka langu mwenyewe.

Suruali uliyoiacha hapa nimeilinganisha miguu, naituma katika kifurushi hiki. Ivae. Ukiificha kabatini nitajua.

Leo saa moja kasoro dakika tano nilitoka na ufagio mkono mmoja na debe mkono wa pili. Nilikuwa sijaamua, sitakudanganya. Walikuwa wameshafika. Sikujua ni wengi hivyo. Sikujua shomoro ana kidevu cheusi kama mtu asiyenyoa. Njiwa mimi nilidhani ni wa kijivu tu; shingo yao ina rangi ambazo sijawahi kuziona dukani, na nimenunua uzi miaka arobaini. Kunguru wako watatu walikuwa ukutani, nikawafukuza, wakasogea hatua mbili wakaendelea kunitazama. Hayo ni malezi yako.

Ufagio niliuegemeza mlangoni.

Kisha akaja. Mkubwa, kama ulivyosema, na si mzuri hata kidogo. Bawa moja limechakaa na ananitazama kama nimechelewa. Alikuja mpaka kwenye kiatu. Ana macho ya rangi ya chungwa. Miaka miwili namlisha, sikujua kama ana macho. Nilimwangalia vidole vyake, vilivyopo na visivyopo, mpaka akamaliza konzi yake. Nilimwambia niliyotaka kumwambia. Jirani alikuwa ukutani, akajifanya anaanika nguo, na kamba yake ilikuwa tupu.

Kiguru hajambo.

Nilimtazama akija, nikamtazama akienda, nikazunguka nikakaa upande wake nikamtazama tena. Ni mguu wa kushoto.

Usiniandikie chochote juu ya hilo.

Dada yako